Asiya na Sharti la Kumi na Nne

Watu wa mtaa wa Bwiza wakikwambia Asiya ni mkaidi, wakubalie tu. Nimefanya naye kazi miaka miwili na sijawahi kumshinda kwa maneno hata mara moja, na maneno ndiyo kitu pekee nilichojaliwa. Lakini ukaidi wake una kisa, na sehemu ya kisa hicho niliiharibu mimi kwa kalamu yangu, kwa hiyo ni haki nikisimulie mimi.

Naitwa Shakuru. Mimi ni nesi. Mjini wananiita muganga, nami siwakatazi. Mwaka 2001 nilikuwa nesi wa ile nyumba ya mtaa wa Mutanga Nord ambayo marehemu mzee Hamoud, mfanyabiashara wa vitambaa, aliwaachia watoto wagonjwa badala ya kuwaachia wanawe waigombanie. Binti yake, Bi Basma, ndiye aliyeiendesha. Watoto walikuwa kumi na watano. Wengine walikuwa na kifafa, ambacho Warundi wanakiita intandara. Wengine vita viliwatisha mpaka wakaacha kusema. Walikula humo, walilala humo na walitibiwa humo. Diploma yangu ilitundikwa ofisini, ndani ya fremu nzuri kabisa, na kazi yenyewe ilifanywa na walezi wawili: mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Mama Yahaya, na huyu Asiya.

Asiya hakuja kwetu kutafuta kazi. Alikuja na mtoto.

Mwaka 1995, siku zile watu walipokuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba mitaani, jirani yake wa Bwiza alibisha hodi asubuhi akiwa na mtoto wa miezi saba. Jirani huyo alikuwa wa upande uliokuwa ukitafutwa. Akasema, "Nishikie, narudi sasa hivi," akatoka kumfuata mumewe. Hakurudi, wala mume hakurudi. Asiya alikuwa ananyonyesha binti yake mwenyewe, Houda. Siku tatu mlango ulifungwa kwa kabati, na siku tatu akawanyonyesha wawili, Houda kushoto na yule mgeni kulia. Siku ya nne bibi ya mtoto alifika kwa miguu kutoka Buterere, kwenye mashamba ya mpunga, akamchukua mjukuu wake. Mtoto huyo jina lake Kaneza.

Mwingine angesema nimetenda wema, yamekwisha. Lakini Asiya ni Mwislamu, na kwetu mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao. Hupewi karatasi wala hupigiwi ngoma, lakini ni mwanao, na ndugu zake wa ziwa ni ndugu zake kweli, hawaoani. Basi kila mwezi Asiya alikuwa akishuka Buterere kumwona mwanawe, barabara ikiwa nzuri au mbaya, amebeba sabuni na unga. Bibi alimzoea. Wakawa wanalea pamoja, mmoja kwa karibu na mwingine kwa mbali.

Kifafa kilimwanza Kaneza alipofika miaka mitatu. Bibi alimficha, maana watu huamini kwamba ukiguswa na povu la mgonjwa na wewe utaanguka. Siku moja mtoto alianguka kwenye mafiga, mkono wa kulia ukaungua mpaka kiwikoni. Mwaka 1999 maji yalijaa Buterere, bibi akashikwa na homa, akafa. Asiya akamchukua Kaneza, akamleta kwetu mgongoni.

Bi Basma alimpokea mtoto, akamweleza utaratibu: mzazi anamwacha mtoto, anakuja kumwona kila Jumatano. Asiya alikubali kwa mdomo. Kisha akatoka, akakaa nje ya lango kwenye jiwe siku tatu, na Houda pembeni yake. Siku ya nne mfuaji nguo wetu alihama mji, na Bi Basma akaniambia, "Mwite yule mkaidi wa nje." Ndivyo alivyoajiriwa. Alianza na kufua. Mwaka ulipoisha alikuwa anajua watoto wote kumi na watano kuliko mimi na diploma yangu: nani anataka kushikwa na nani anachukia, nani atalala akiimbiwa na nani atalala akiachwa. Mumewe alikwishavuka mpaka kwenda Uvira na huko akapata starehe zake, kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na Houda.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka ule wa 2001 wizara ilitoa masharti mapya. Kila nyumba inayolaza na kutibu watoto iombe kibali, na isiyo na kibali ifungwe. Masharti yalikuwa ishirini na mawili. Nesi mwenye diploma awepo: nipo. Choo cha wavulana mbali na cha wasichana: tukajenga. Mlezi mmoja kwa watoto wanane, asizidishiwe: kumi na watano kwa wawili, tumepona kwa mtoto mmoja. Sharti la sita lilisema kila mtoto awe na ndugu aliyetia sahihi kukubali atibiwe. Asiye na ndugu apelekwe kwenye nyumba ya serikali huko juu, bara. Huko kwenda ni kupita Bugarama, ambako magari yalikuwa yakienda kwa msafara na askari, na bado yalikuwa yakipigwa risasi.

Nilijaza fomu zote mchana mmoja nikijisifu. Kwa Kaneza nikaandika: Asiya, mama kwa kunyonya. Akatia sahihi kwa herufi zake kubwa. Sikufikiri mara mbili, maana ndani ya kichwa changu jambo hilo lilikuwa wazi kama jua. Kisha nikafika ukurasa wa wafanyakazi, nikaandika: Asiya, mlezi. Sharti la kumi na nne nililisoma nikalipita. Haraka haraka haina baraka, nasi wenye diploma hatuisikii.

Aliyekuja kukagua alikuwa Madame Spès, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima vyumba kwa hatua zake, akahesabu vitanda, akaonja uji. Kisha akakaa ofisini na faili letu mbele yake, sisi watatu tumesimama: Bi Basma, mimi na Asiya.

"Huyu Asiya ya ukurasa ya tatu," akasema, "na huyu ya ukurasa ya tisa, ni mutu moja ao ni wawili?"

"Ni moja, madame," nikajibu.

"Ukurasa ya tatu ni mama. Ukurasa ya tisa ni mufanyakazi. Muganga, sharti ya kumi na ine inasema je?"

Nilijua linavyosema wakati ule ule. Linasema hakuna mfanyakazi atakayelea mtoto wa ukoo wake ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Asiya aliingilia. "Madame, juu ya nini? Mama kulea mutoto yake ni kosa?"

Madame Spès alivua miwani. Nilitegemea ukali, lakini alisema taratibu. "Mama, nimeingia manyumba mingi. Mufanyakazi akiwa na mutoto yake ndani, dawa inakuwaka ya ule mutoto, nyama ya ule mutoto. Wale hawana mutu, banasimama banaangalia. Nimewaona wakiangalia. Ni mi nilisema sharti hii iandikwe."

"Mi sijafanya ivyo hata siku moja."

"Nakuamini. Lakini sitaandika sharti ya wote halafu ya Asiya." Akaufungua tena ukurasa wa tatu. "Na huku kunyonya, ni umama kweli?"

"Kabisa. Nikizaa mutoto mwanaume leo, hawezi kumuoa Kaneza mpaka kiama."

Madame Spès alifikiri, akakubali. Alisema ameona mama waliozaa wakawa si mama, basi na huyu atampokea. "Lakini chagua. Ao we ni mama, sahihi yako inabaki, mutoto anatibiwa hapa, na we unatoka kazini. Ao we ni mufanyakazi, na mutoto anakwenda na wenzake wasio na mutu. Nitarudi kisha siku nane. Nikikuta umetoka kwa karatasi tu na mikono yako bado iko ndani ya kazi, nafunga dosiye na nyumba inafungwa."

Alipoondoka, Bi Basma alifunga mlango. Simlaumu kwa alichosema, maana alikuwa na watoto kumi na watano kichwani na si mmoja. Asiya akitoka, mlezi anabaki mmoja kwa watoto kumi na watano, na kibali hakuna. Na Bi Basma, kwa kuwa amezaliwa katika nyumba ya watu wa dini, alitafuta mlango mahali ambapo Madame Spès asingeujua.

"Mama Houda," akasema, "sheria ya kunyonya si ni mara tano? Ikipunguka pale, undugu hakuna. Ilikuwa vita, milango imefungwa. Nani alihesabu? Ukisema ilikuwa mara ine tu, we si mama yake, na hakuna zambi. Utabaki hapa na hawa wengine."

Asiya akajibu. "Bi Basma, siku tatu! Mutoto gani ananyonyaka mara ine kwa siku tatu? Si angekufa?"

"Nasema tu..."

"Na ile ya tano nitamwambia Mungu ilikuwa nini? Chai?"

Mimi nilicheka, peke yangu, na nikajuta hapo hapo, kwa sababu Bi Basma alikuwa ameanza kulia. Asiya akamshika bega. Akamwambia yeye anabaki mama; atafutwe mlezi mwingine, yeye atamfundisha, siku nane zinatosha.

Watu hudhani mkaidi haogopi. Jioni ile nilimkuta kwenye sehemu ya kufulia, ameshika gauni la Kaneza lililolowa na halifui. "Muganga, naogopa," akasema. "Kila siku mi namuogesha, mi namupa dawa, mi namulaza. Kisha siku nane nitakuwa mutu ya Jumatano." Nilitaka kumwomba radhi kwa kalamu yangu. Akanizuia kwa mkono. "We uliandika kweli mara mbili. Si kosa yako kama kweli mbili hazikai pamoja." Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinionea huruma.

Bi Basma alimleta Maha, binti wa dada yake, miaka ishirini na mmoja, diploma ya sekondari mkononi na tangu aipate hajafanya nayo lolote. Msichana mzuri, mpole, na mwoga wa povu. Siku ya kwanza mvulana mmoja alianguka uani. Maha alikimbia mpaka langoni. Asiya hakumfuata. Alimaliza kazi na yule mvulana, akamfunika, kisha akaita, "Umekimbia, sawa. Sasa rudi."

Siku ya pili Maha hakukimbia, ila alikuja na kijiko amtie mgonjwa kinywani, kama wanavyofanya watu majumbani. Asiya alikipiga kile kijiko kikaruka. "Utamuvunja meno! Kinywa ni yake, iache." Kumlaza ubavu, nguo chini ya kichwa, vitu vigumu mbali, basi. Na kuhesabu wakati. Saa yangu ya mkono ilikuwa imekufa tangu embago, nchi ilipowekewa vikwazo, kwa hiyo Asiya alikuwa na kipimo chake: unasoma ile sura fupi ya Kulhuwallahu pole pole, moja baada ya nyingine, ikifika ya ishirini mtoto hajatulia, mwite muganga na sindano. Mimi nilikuwa nimekipima kwa saa ya ukutani, ni kipimo sahihi, nikawa nakiandika kwenye ripoti kwa dakika ili kionekane cha kizungu.

Siku ya nne Asiya alikunywa maji, akampa Kaneza kikombe hicho hicho, kisha akakichukua akamaliza mabaki mbele ya Maha. "Miaka mbili nakunywaka ivi. Umeniona nikianguka?" Maha alitikisa kichwa. Hakunywa, lakini kesho yake alimlisha Kaneza kwa mkono. Asiya alisimama mlangoni akiwatazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuza ng'ombe wake wa pekee kwa bei nzuri.

Siku ya saba aliaga. Hakufanya sherehe. Akamwonyesha Maha mahali sabuni inapowekwa, akaenda Bwiza kukaanga sambusa.

Madame Spès alichagua kurudi Jumatano, siku ya wageni, na nadhani alichagua makusudi. Wageni walikuwa wachache, saa nane hadi saa kumi. Asiya alikuja amevaa kitenge chake cha Idi, akakaa kama wengine kwenye benchi la wazazi ukumbini, mlango ukiwa wazi kuelekea uani. Kaneza alifurahi, kisha hakuelewa. Alimvuta mkono kumpeleka sehemu ya kufulia, kule walikozoea kuwa. Asiya akamwambia, "Apana, mama yangu. Leo mi ni mugeni." Mtoto alivuta tena, akachoka, akaenda kucheza na wenzake uani. Madame Spès alikuwa amesimama na faili, anaandika.

Ilikuwa karibu saa kumi Kaneza alipoanza kuchezea pindo la gauni lake, hivi, kwa vidole viwili. Hiyo ilikuwa dalili yake kila mara kabla ya kuanguka. Asiya aliiona kabla ya mtu yeyote, alikwishainuka nusu. Mtoto akaanguka kwenye saruji.

Maha alikuwa hatua tano kutoka pale, na alisimama tu, amekauka. Nilikuwa dirishani na miguu yangu ilitaka kwenda, lakini nilimwona Madame Spès. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anamtazama Asiya, kalamu juu ya karatasi. Bi Basma naye alimtazama Asiya. Watoto kumi na watano, vitanda kumi na vitano, nyumba nzima ya mzee Hamoud ilikuwa juu ya lile benchi.

Asiya akakaa tena. Akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Sijaona katika maisha yangu mtu anayefanya kazi ngumu kuliko ile.

"Maha," alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaka chumvi. Neno hilo moja.

Maha akaenda. Akapiga magoti, akamlaza ubavu, akakunja kanga yake chini ya kichwa. Povu lilipotoka alilifuta kwa ncha ya ushungi wake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na kingine karibu, na mkono wake ukalowa na hakuuondoa. Akaanza kusoma kwa sauti, Kulhuwallahu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale kwenye benchi midomo ya Asiya ilikuwa inakwenda naye sawasawa. Nikaanza na mimi. Ilipofika ya kumi na moja mwili wa Kaneza ulilegea. Akafungua macho bila kujua yuko wapi, akanyoosha mikono, akamkumbatia shingoni aliyekuwa karibu, na huyo alikuwa Maha. Akajificha usoni kwake, akalala.

Madame Spès aliandika mstari mmoja, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho, akatia sahihi, akatoa muhuri kwenye mkoba wake, akaugonga. Ndivyo tulivyopata kibali. Kisha alimfuata Asiya na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, nenda sasa umushike."

Asiya alitazama saa ya ukutani. "Saa kumi imepita, madame. Wageni banatoka saa kumi. Si ni nyinyi muliandika?"

"Ni sisi," Madame Spès akajibu, akafunga faili.

Nilimsindikiza Asiya mpaka langoni. Alikuwa anatembea kwa haraka na mikono yake bado ilikuwa na alama nyekundu za mbao za benchi. Nilimwambia maneno mengi, jinsi tulivyopona, jinsi Kaneza atakavyotibiwa mpaka akue, jinsi Bi Basma atakavyomkumbuka katika dua zake. Aliyasikiliza yote. Nikamwambia pia kwamba Maha alikuwa amefanya vizuri, kwamba amemfundisha vizuri sana.

"Amemushika muzuri," akasema. "Wallahi, amemushika kama mi." Kisha akaegemea nguzo ya lango akalia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia, na nilipotaka kumtuliza akaniondoa mkono. "Mutoto alimukumbatia, muganga. Ndio ilikuwa kazi yangu, amukumbatie. Na ndio hiyo inaniuma."